Msizuie sinema ya malkia, tupigieni na ya Yusuf wa Ngomeni

Kwa Mhariri,

Mimi ni mshonaji hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Nashona nguo za maharusi na za sikukuu, kazi niliyoachiwa na marehemu mamangu, na sijawahi kuandika gazetini hata siku moja, lakini wiki iliyopita kuna ndugu yetu mmoja aliandika humu akawalaumu vijana wa mtaa kwa kuonesha usiku juu ya paa la nyumba ile sinema ya malkia wa Uingereza, Elizabeth, ile ya mwaka 1998. Akasema habari za Wakristo kuchomana moto kwa ajili ya dini si za kuoneshwa Mombasa, ati sisi tumeketi hapa kwa amani na mambo kama hayo yafungua vidonda, na akataka wazee wawakataze vijana wasirudie tena. Mimi nilikuwepo usiku ule. Kile kitambaa cheupe cha kuoneshea ni bafta yangu, mita nne, niliwapa kwa mkono wangu, kwa hivo kama kuna wa kulaumiwa bas na mimi nimo.

Sinema yenyewe yaanza vibaya, sitaficha. Watu watatu, mmoja wao mwanamke, wananyolewa vichwa mpaka ngozi inachanika, wanafungwa kwenye mti, wanachomwa hai na watu wamejaa wanatizama. Nilifumba macho. Hapo anatawala Mary, Mkatoliki, dadake Elizabeth kwa baba, na wanaochomwa ni Waprotestanti, Wakristo wasiomfuata papa, na hilo la kuchoma watu si la kubuni, kwa miaka yake mitano, 1553 mpaka 1558, walichomwa karibu watu 280, na wanawake zaidi ya 50 wamo ndani ya hesabu hiyo. Tena wengi hawakuwa wakubwa wa nchi, walikuwa wafumaji nguo na mafundi, watu wa kutumia mikono kama mimi. Haya nimeelezwa na binti yangu, yeye ni mwalimu wa historia shule ya upili, na usiku ule alikuwa amekaa ubavuni mwangu ananifafanulia kila kitu mpaka watu wa nyuma wakamuomba apunguze sauti.

Sasa ndugu yetu aliona moto ule wa mwanzo akafunga hesabu, hii ni sinema ya dini na dini. Mimi namuomba aitizame tena mpaka mwisho, manake ukiifuata vizuri utaona ugomvi wenyewe ulianza ndani ya nyumba moja. Baba yao, mfalme Henry wa Nane, alitaka kumuacha mkewe wa kwanza, mamake Mary, papa wa Roma akakataa kuivunja ndoa, basi Henry akamuoa Anne Boleyn kwa nguvu zake mwenyewe na mwaka 1534 Bunge likampa sheria kwamba yeye ndo mkuu wa kanisa la Uingereza. Mary ni wa mke wa kwanza, Elizabeth ni wa Anne. Mtu aliyekulia Mji wa Kale hahitaji kufafanuliwa zaidi, nyumba ya mke mkubwa na nyumba ya mke mdogo na baba ameshakufa na mali ipo, hayo tumeyaona kwa macho yetu kwenye vibanda na viwanja, sembuse taji. Kwa Mkatoliki wa wakati ule ile ndoa ya Anne ilikuwa batili na Elizabeth ni mtoto wa nje, hana haki ya kiti. Kwa Mprotestanti ni malkia wa halali. Kwa hivo mtu akikuuliza wewe unasali vipi alikuwa anakuuliza pia unamtambua nani awe mtawala, maswali mawili yameshonwa pamoja huwezi kufumua moja bila kuharibu lingine. Hiyo ndo sababu watu walikufa, na sinema imelionesha hilo vizuri kuliko kitabu chochote nilichosomeshwa skuli.

Tizama wale wanaofanya fitina. Duke wa Norfolk, mmoja wa wakubwa wa nchi, anataka kiti, Mungu yuko mdomoni tu. Balozi wa Uhispania analeta posa ya mfalme wake, balozi wa Ufaransa naye analeta ya kwake (na huyo wa Ufaransa ni Eric Cantona, yule wa Manchester United, vijana walipomuona walipiga kelele mpaka nyumba ya pili wakafungua madirisha). Msichana wa miaka 25 amekaa katikati na kila mmoja anataka kumuoza kwake ili ile nchi iwe yake. Maaskofu wanabishia sheria mpya ya ibada, wengine wanafungiwa chini ya jengo wasipige kura, sheria inapita. Nikadhani hilo la kufungia ni chumvi ya sinema, kumbe binti yangu asema mwaka 1559 kweli maaskofu wawili walitiwa ndani wakati ule wa mjadala na sheria ikapita kwa tofauti ya kura tatu tu, 21 kwa 18. Kura tatu, na nchi nzima ikabadilishiwa namna ya kusali!

Sasa wacha niseme ya kazi yangu, manake ndugu yetu hakugusa kabisa na mimi ndo yaliyonikalisha pale mpaka saa sita za usiku. Zile nguo. Yule msichana mwanzo anacheza kwenye majani nywele ziko wazi, gauni ni laini, linamfuata mwili akigeuka nalo linageuka. Kila fitina ikizidi na gauni linazidi kukaza, kola inapanda, mikono inajazwa, mpaka mwisho anawaita wanawake wake wanamkata nywele, wanampaka uso rangi nyeupe kama chokaa, anatoka mbele ya watu na gauni jeupe lililosimama lenyewe utadhani ndani hamna mtu. Hakuna aliyesema neno lakini nilielewa kwamba yule msichana ameshaondoka pale amebaki malkia. Mimi nimevalisha maharusi zaidi ya miaka thelathini na najua ile dakika binti anajitizama kwenye kioo haoni tena yule aliyeingia asubuhi, nilitokwa na machozi wallahi. Sinema hii ilitajwa kwenye tuzo saba za Oscar, na moja iliyopata ni ya upambaji wa uso, mimi naona waliwapa haki yao. Na alieitengeneza ni Mhindi, Shekhar Kapur, nikasema ndo maana kumbe, yule anajua kitambaa ni nini, ametoka kwenye watu ambao arusi bila nguo ya kusimulia siku arubaini si arusi.

Kuna na ile nguo ya sumu. Gauni limeletwa zawadi kwa malkia, mmoja wa wanawake wake analivaa kwa siri, sumu imo kwenye kitambaa, anakufa nalo mwilini. Hilo ni la watunzi, historia haina, lakini lilinikaa. Kuna mengine pia wameyageuza na sikupenda. Cecil, yule waziri, wamemfanya mzee wa ndevu nyeupe anaeambiwa akapumzike, kumbe alikuwa na miaka 38 Elizabeth aliposhika taji na alimtumikia mpaka alipokufa mwaka 1598. Robert Dudley, kipenzi cha malkia, wamemtia kwenye njama dhidi ya malkia, mtu ambaye alikaa karibu yake mpaka kufa kwake mwaka 1588. Mary wa Guise, aliekuwa akitawala Skotland, wameonesha kama ameuliwa, yule alikufa na maradhi yake Edinburgh mwaka 1560. Na Norfolk alikatwa kichwa mwaka 1572, miaka 14 baada ya Elizabeth kupata kiti, wao wameifupisha kama ni mwaka mmoja au miwili. Sinema ni sinema, saa mbili haziwezi kubeba miaka 14, hilo nalisamehe. La Dudley silisamehe, kumpakazia maiti hiana ambayo hakuifanya ni jambo zito.

Lakini kuna pahali ndugu yetu aliandika kweli, na sitaki kupita kama sikuona. Nina jirani yangu, Mkatoliki, tumeshona pamoja chumba kimoja miaka ishirini, yeye mashine ya dirishani mimi ya mlangoni, watoto wake wamekula futari kwangu na wangu wamekula Krismasi kwake. Usiku ule alikuja. Tuliposhuka ngazi alikuwa kimya, tumefika mlangoni kwake nikamuuliza dadangu vipi, mbona hivo. Akanambia, "Mamangu, mimi nimeipenda, lakini mbona kila Mkatoliki mle ndani yuko gizani na kisu? Hata padri amekuja kuua." Sikuwa na la kumjibu. Nikapanda kitandani nafikiria, na kweli, Mary ameoneshwa na moto wake wote, lakini mapadri zaidi ya 100 waliouawa wakati wa Elizabeth, wengine kwa kunyongwa na kupasuliwa hadharani, hao sinema haiwafikii, inaishia pale anapopaka uso rangi. Na yule papa, Pius wa Tano, ni kweli alitoa waraka mwaka 1570 wa kumtoa Elizabeth kwenye taji na kuwaambia raia wasimtii, na waraka ule uliwaponza Wakatoliki wa kawaida wa Uingereza ambao walitaka tu kusali walivyosali bibi zao, manake kutoka siku hiyo kila mmoja alitizamwa kama haini. Hapo pangestahili nusu saa nzima. Sinema imeruka.

Kwa hivo mimi simwambii ndugu yetu kwamba sinema kama hii haiumizi. Inaumiza, na ikipendelea upande mmoja inaumiza zaidi. Ninachokataa ni dawa yake ya kuzima. Na sababu ya kukataa ni Ngomeni, yaani ile Fort Jesus yetu.

Usiku ule balozi wa Uhispania alipoleta posa kuna kijana aliuliza, huyu Philip anaetajwa kila saa ni nani? Binti yangu akamjibu, "Ni yule aliejenga Ngomeni." Watu wakageuka. Na ni kweli tupu. Philip wa Pili wa Uhispania alimuoa Mary mwaka 1554, akafiwa nae, akamtaka Elizabeth akakataliwa, halafu mwaka 1580 akachukua na taji la Ureno, na kwa sababu ya taji hilo la Ureno mwaka 1593 ndo ikaanza kujengwa Fort Jesus hapa kwetu, kwa ramani ya Mtaliani Cairati, ikamalizika 1596. Elizabeth wakati huo yuko hai bado, amezeeka. Yaani yule mtu anaetajwa kwenye sinema kama mchumba ndo huyo ambae ukuta wake mimi nauona nikitoka kununua nyuzi. Sinema ile si ya mbali kama tunavyofikiria, mlango wake mmoja uko kwao na mwengine uko hapa chini, ukitoka tu Ndia Kuu umefika.

Na sisi tuna mfalme wetu ambae maisha yake yanaizidi ile sinema. Wengi wamsikia jina tu. Mfalme Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi ambao Wareno waliuleta Mombasa, aligombana na kapteni wa Ngome, ugomvi wenyewe wa ushuru na heshima, akavuka bara kukimbilia Rabai, na mwaka 1614 akauawa huko na watu walionunuliwa na Wareno, na malipo yenyewe yalikuwa vitambaa. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Kila nikikata jora nakumbuka hilo. Aliacha mtoto, Yusuf, wa kama miaka saba. Huyo mtoto wakampeleka Goa pia, kule kule kilikopelekwa kichwa cha babake, wakamlea mapadri wa Augustino, wakambatiza jina Dom Jerónimo Chingulia, akajifunza lugha yao, akaoa mke wa Kikristo, akavishwa msalaba wa chama cha mashujaa cha Kristo, na mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme.

Hebu fikirini siku ile anashuka bandarini. Mtu wa miaka kama kumi na tisa hivi, amevaa koti la Kireno, msalaba kifuani, watu wa mji wanamtizama wanajua ni mtoto wa Hasan na hawajui wamsalimie kwa lugha gani. Wareno nao hawamhesabu kama mwenzao. Kapteni anamdharau. Huyu alikuwa hana pa kuketi, mimi namuelewa kwa nguo, mtu akivalishwa nguo ya kupimiwa mtu mwengine hata ikiwa hariri haimkai begani.

Ikasemekana usiku anakwenda kaburini kwa babake, anasali na kumuombea kwa Kiislamu. Kuna mtu alimuona akampelekea kapteni. Kapteni akapanga akamatwe apelekwe Goa ahukumiwe kwa kuiacha dini. Yusuf akawahi. Tarehe 16 mwezi wa Agosti mwaka 1631 akaingia Ngomeni na watu wake kama anakuja kutembea tu, akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mji, wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70, wakamalizwa. Na si Wareno peke yao, kulikuwa na Wakristo weusi, watu wa hapa hapa, walioambiwa wasilimu wakakataa wakauawa pamoja nao. Mwaka uliofuata Goa wakaleta manuwari na askari, hawakuiweza Ngome, wakarudi. Lakini Yusuf nae akaona hatoweza kukaa, akaondoka na jahazi aliyoiteka, akawa mtu wa baharini, mwaka 1638 akafa upande wa Jeddah. Mombasa haikupata tena mfalme wa ukoo ule.

Sasa nieleze kilichotokea baina yangu na yule jirani yangu. Jumamosi baada ya sinema nikamwambia dadangu twende Ngomeni, tumekaa hapa miaka yote hii na tunapita tu nje. Tukalipa kiingilio cha raia tukaingia. Tukasimama chini ya lile jiwe la maandishi juu ya mlango, lile ambalo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira amejisifu kwamba mwaka 1635 alipewa Ngome akiwa na miaka 27 na kwamba amewatia adabu watu wa Pate na Siu na wengine. Nikaanza kumhadithia habari za Yusuf nilivyohadithiwa na babu yangu, shujaa, mtoto yatima aliyelipiza damu ya babake akairudisha dini yake. Jirani yangu akanisikiliza mpaka mwisho kisha akanambia kwa upole sana, "Huyo mimi namjua. Kwetu tunawajua aliowaua. Tunawaita mashahidi wa Mombasa, kulifanywa uchunguzi Goa na karatasi zikapelekwa Roma." Mimi nina miaka hamsini na nane na sikuwahi kusikia hata siku moja neno hilo, mashahidi wa Mombasa. Na yeye hakuwahi kusikia kwamba babake Yusuf aliuawa kwa vitambaa na kichwa kikapelekwa Goa. Tumeshona chumba kimoja miaka ishirini, yeye ana nusu ya habari na mimi nina nusu, na kila mmoja alidhani yake ndo nzima.

Tukakaa pale kwenye ukuta wa upande wa bahari tukasimuliana upya, mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwa watoto wale 70 mimi nililia. Nilipofika kwa mtoto wa miaka saba anapandishwa merikebu yeye ndo alielia. Hakuna aliemchukia mwenzake. Tulirudi tukanunua mahamri tukaenda zetu kufungua kazi.

Kwa hivo ndugu yangu ulieandika, kidonda unachosema kitafunguliwa kipo tayari, kimefunikwa na nguo mbili tofauti, moja msikitini na moja kanisani.

Ombi langu ni hili, na nalitoa kwa vijana wetu wanaopiga picha za video hapa mjini, na kwa matajiri wa pwani, na kwa serikali ya kaunti pia kama itasikia. Tupigieni sinema ya Yusuf bin Hassan. Si ya dakika kumi ya simu, sinema kamili, ya fahari, kama ile ya malkia. Ngome ipo, tena UNESCO waliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, haina haja ya kujengwa ya mbao. Ndia Kuu ipo, ndo mtaa waliokaa Wareno. Msikiti wa Mandhry upo, unaosemwa ni wa mwaka 1570, yaani Yusuf akiwa mtoto alikuwa akiupita. Bahari ndo ile ile. Lugha iwe Kimvita, si Kiswahili cha kusoma habari, na Wareno waseme Kireno chao tuandikiwe maneno chini. Na muwaite waandishi wawili, mmoja aliesomea upande wa Kiislamu na mmoja anaejua kumbukumbu za kanisa, wakae meza moja wabishane mpaka waelewane kabla kamera haijawashwa. Msimfanye Yusuf malaika. Msimfanye kapteni shetani mwenye pembe, mpeni na yeye mke wake na mtoto wake, manake walikuwepo mle ndani siku ile. Wale Wakristo weusi waliokataa kusilimu muwaoneshe nyuso zao, muwape majina ya kisinema kama hayakubaki ya kweli, wawe na nyumba na jiko na watoto wa kuchezea uani, tusiwaone kama maiti tu.

Na kwa nguo, nawaomba sana sana msinitie aibu. Nimeona michezo ya kihistoria ya hapa kwetu, mtu wa miaka mia nne iliyopita amevishwa buibui na leso ya juzi. Leso za kuandikwa maneno na zile za mapindo manne ni mambo ya karne ya 19 kuja huku, buibui nalo ni la juzi juzi, mwishoni mwa karne ile ile. Mwaka 1631 hamkuwa na hivyo. Kulikuwa na vitambaa vya pamba vya Cambay huko Gujarat, na hariri ya Pate iliyokuwa ikifumwa na watu wetu na Wareno wenyewe wakiinunua, mwanamke wa mjini akijifunga nguo mbili za rangi na dhahabu masikioni. Hata hilo neno leso tumelitoa kwao, kitambaa cha mkono kwa Kireno, kama tulivyotoa meza na bendera na gereza. Na hilo la gereza wataalamu wasema asili yake ni neno lao la kanisa, na Ngome hiyo hiyo ilikuwa na kanisa ndani na baadae Waingereza wakaifanya jela mpaka miaka ya hamsini. Mtu wa sinema akikosa kupata mandhari humo basi hana macho.

Mimi nimeshaanza kuichora kichwani. Yusuf anaposhuka bandarini ningemvika koti jeusi la Kireno limkae vizuri kila pahali isipokuwa mabegani, libane kidogo tu, mtizamaji asijue kwa nini hapumui vizuri. Kaburini usiku ningemvua koti, abaki na shati jeupe ndani, miguu mitupu. Siku ya Ngomeni ningemrudishia lile lile koti, manake aliingia kama rafiki, na ningelifungua bitana ya ndani niitie hariri ya Pate, ionekane mara moja tu mkono unapopanda.

Gharama najua ni kubwa, kitambaa peke yake ni hela nyingi na sinema ina mambo mengi kuliko kitambaa. Lakini watu wa mji huu wanachangia arusi ya siku tatu kwa hela ambazo zingevisha jeshi zima la Wareno, nimeshona arusi hizo na najua ninachosema. Na wazee wakumbuka ilivyokuwa kwenye majumba ya sinema ya Naaz na Regal na Majestic, foleni mpaka nje, watu wa kila dini wanalia pamoja kwa mapenzi ya Wahindi ambao lugha yao hawaijui. Hawa hawatakuja kumuona mtoto wa Mombasa anaesema Kimvita?

Jirani yangu amesema yeye atashona nguo za wale wa upande wake, watawa na wake wa Kireno, mashine ya dirishani. Mimi nitabaki na za upande wangu. Lakini kuna nguo moja nimemuomba aniwachie niishone mimi, nayo ni lile koti la kwanza kabisa, la mtoto wa miaka saba, analovishwa siku ya kupanda merikebu ya Goa. Vipimo nimeshachukua kwa mjukuu wangu, kifua inchi 23, mkono inchi 14, na nitauacha mkono mrefu kidogo ufunike vidole, manake waliomvisha hawakumpima. Hilo nitalishona bure, atakaekuwa tayari kupiga sinema anitafute Kibokoni, ulizeni tu mshonaji wa maharusi.

Mshonaji,
Kibokoni, Mombasa